Rejista ya makaburi ya umma Nakuru: nambari za kitabuni na za ardhini hazikubaliani

Lanet_Mashariki

Hamjambo wadau. Tuko kikundi cha kujitolea hapa Nakuru. Idara ya afya ya umma ya kaunti imeturuhusu kupiga picha vitabu vya mazishi vya makaburi ya umma, kuvinakili kwenye kompyuta, na kuwasaidia jamaa wanaofika langoni wakiuliza kaburi la baba au nyanya yao liko wapi. Vitabu vingi ni vya miaka ya 60 na 70. Kunakili kunaendelea vizuri, ila uwanjani tumekwama:

– Kitabu kinasema kaburi nambari 212. Ardhini hakuna nambari yoyote, na tukihesabu kutoka langoni, la 212 lina jiwe la mtu mwingine kabisa.
– GPS ya simu inaliweka kaburi lile lile mahali pawili tofauti, asubuhi na alasiri.
– Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa. Jamaa wanafika na saruji na jiwe tayari, wanataka kuonyeshwa mahali siku hiyo hiyo.
– Picha za kurasa tuziweke wazi mtandaoni au la?

Anayeijua kazi hii atueleze kwa undani, tafadhali.

---

Menengai_Juu

Nianze na GPS. Simu ya kawaida, mahali peupe pasipo miti, hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya mikaratusi au karibu na ukuta hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga matawi na mawe kabla ya kuifikia simu. Na kwa kuwa setilaiti zinazunguka, zile za asubuhi si zile za alasiri. Ndiyo maana mnapata majibu mawili. Makaburi ya umma hupangwa yakiwa yameachana mita moja na kitu tu. Kosa la mita 4 basi ni makaburi matatu kila upande. Tumieni GPS kumfikisha mgeni kwenye sehemu na kwenye mstari, basi. Hapo kazi yake imekwisha.

Kinacholipata kaburi ni vipimo vilivyoanzia kwenye kitu kisichohama. Chagueni vitu viwili vya kudumu: nguzo ya zege ya lango, kona ya ukuta wa mawe, kona ya jengo. Mti si alama, utakatwa. Bomba la maji litang'olewa. Kati ya vitu hivyo viwili vuteni kamba ya katani na muikaze sawasawa. Huo ndio mstari wa msingi, na kila safu ya makaburi itapimwa kutoka hapo kwa tepu ya mita 50 ya mafundi.

Pembe ya safu lazima inyooke. Pimeni mita 6 kwenye mstari wa msingi, mita 8 kuelekea ndani, kisha sogezeni kamba hadi ulalo uwe mita 10 kamili. Wengi hutumia 3, 4 na 5 kwa sababu ni rahisi, lakini hapo mkipotoka sentimita 10 tu katika mita 3, mwisho wa safu ya mita 60 mtakuwa mmetoka njia kwa mita 2, na mmeshahamia safu ya jirani.

Mwanzo na mwisho wa kila safu wekeni kigingi cha zege: sentimita 10 kwa 10, urefu 45, kikizikwa mpaka zibaki sentimita 3 hivi juu ya ardhi. Msitumie nondo wala bamba la bati. Wanunuzi wa vyuma chakavu watavimaliza kabla ya mvua inayofuata. Nambari ya safu iandikwe kwa kukwaruza zege ikiwa mbichi, rangi hufifia.

Kila kaburi mlipe msimbo wenu, tofauti na nambari ya kitabu: sehemu, safu, nafasi. Kwa mfano C-04-017. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari mnahesabu mkiwa mmesimama wapi na mkitazama upande gani. Bila sentensi hiyo, atakayekuja baada yenu atahesabu kutoka upande wa pili na kila kitu kitageuka. Msimbo uliokwisha kutolewa haurudiwi. Likigunduliwa kaburi katikati baadaye, liwe 017B. Msianze kuhesabu upya.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka na matuta yanaonekana. Tena jioni jua likishuka, kivuli hufichua hata tuta lililokwisha kuwa bapa. Hili ni muhimu sana Nakuru, kwa kuwa udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi: tuta hubomoka upesi, na badala yake hubaki kishimo kidogo. Kishimo cha urefu wa mtu ni kaburi pia, kihesabuni. Kufyeka ni sawa, ila muishie nusu mita kutoka kwenye jiwe, zilizobaki zing'olewe kwa mkono. Moto hapana kabisa: marumaru hupasuka kwa joto, na misalaba ya mbao iliyobaki ndiyo hiyo hiyo itakayoungua. Vaeni gambuti, na angalieni nyuki kwenye makaburi ya kujengewa yaliyopasuka.

---

Rejista_Winam

Menengai_Juu amemaliza ya ardhini. Mimi niseme ya kitabu.

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisheni safu mnayoiita "nambari ya kaburi" ni ya kaburi kweli. Vitabu vya zamani vya manispaa vina nambari tatu au nne kwenye mstari mmoja: ya mfululizo, ya kibali cha mazishi, ya stakabadhi ya malipo, na ya kaburi. Karani akibadilika, safu hubadilishwa matumizi bila kichwa kubadilishwa. Jaribio ni rahisi: nambari ya mfululizo haiachi pengo, ya stakabadhi huruka kwa sababu kitabu kile kile cha malipo kilitumika kwa mambo mengine, ya kaburi huenda kwa mpangilio ndani ya sehemu moja na kuanza upya sehemu ikibadilika. Tazameni pia kama inaanza 1 kila Januari. Kama ni hivyo, kuna 212 nyingi, na bila mwaka nambari hiyo haina maana.

Baada ya hapo tafuteni makaburi ya nanga. Hayo ni yale yenye jina na tarehe zinazosomeka jiweni, na ambayo pia yamo kitabuni. Yapangeni kwa tarehe ya kuzikwa, kisha muone yanavyokwenda ardhini. Mara nyingi mtagundua wachimbaji walishuka safu moja na kurudi kwa safu inayofuata kama jembe la ng'ombe shambani, wala hawakurudi mwanzo kila mara. Nina hakika nusu ya tatizo lenu la 212 limo humo.

Sasa chukueni nanga mbili zinazofuatana. Tuseme kitabu kina 212 ya tarehe 9 Machi 1974 na 231 ya tarehe 2 Aprili 1974. Kati yake kuna watu 18. Nendeni mhesabu matuta na vishimo kati ya mawe hayo mawili. Vikiwa 18, mnaweza kumpa kila mtu nafasi yake na kuandika "imekadiriwa". Vikiwa 16 na nafasi moja tupu, msigawe. Andikeni tu kwamba watu hao 18 wamo kati ya C-04-011 na C-04-028, mwachie hapo. Kulazimisha hesabu ikae sawa ndilo jambo linaloharibu rejista kuliko mchwa, kwa sababu kosa likishaingia kwenye jedwali linafanana na ukweli.

Zinazovuruga hesabu ni hizi hasa: watoto waliozikwa katikati ya watu wazima kwa kaburi fupi, nafasi iliyonunuliwa mapema kando ya mume au mke, ambayo ilizikwa miaka mingi baadaye, mwili uliofukuliwa kwa amri na kupelekwa nyumbani, na makaburi ya muda yaliyotumika tena. Hilo la mwisho litafuteni kwa kuangalia kama msimbo mmoja una majina mawili yasiyo ya ukoo mmoja.

Kuhusu kunakili. Picha zipigwe kitabu kikiwa wazi mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Programu za "kuskani" huongeza weupe wa karatasi na kufuta maandishi ya penseli, na masahihisho mengi ya karani yako kwa penseli. Pigeni picha ya kawaida. Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu: gundi yake hugeuka kahawia na kula wino. Uwekwe kwenye bahasha ya karatasi.

Kwenye Excel kuna mitego miwili. Kaburi lililoandikwa 12/3 litageuzwa kuwa tarehe 12 Machi, nalo halitarudi. Na tarehe za kabla ya 1900 Excel haizitambui kabisa kama tarehe. Fanyeni safu zote kuwa maandishi kabla ya kuanza kuandika, na tarehe ziwe mwaka-mwezi-siku: 1974-03-09.

Jina liandikwe kama lilivyo kitabuni, hata kama limekosewa, kisha safu ya pili iwe ya jina la kutafutia. Makarani waliandika walivyosikia: Odhiambo na Odiambo, Njoroge na Njorogi, Ochieng' bila king'ong'o. Majina ya Kikalenjin mengi yamepangwa chini ya "arap", kwa hiyo arap Koech hamtampata kwenye K. Wanawake wengi wamo kwa jina la mume tu. Zile alama za kurudia mstari wa juu jazeni neno lenyewe, ila mtie alama kwamba mmejaza ninyi. Na mtu mmoja anakili, mwingine ananakili ukurasa ule ule bila kumwona wa kwanza, ndipo mlinganishe. 1 na 7, 4 na 9, hutajua umezichanganya mpaka mwenzako aandike tofauti.

---

Lanet_Mashariki

Asanteni sana. Tumeangalia picha upya: safu tuliyoitegemea inaruka ruka, kwa hiyo yaonekana ni ya stakabadhi. Tutaanza kutafuta nanga.

Swali la nyongeza: mawe yaliyofifia tusomeje? Kuna anayetupendekezea chaki, mwingine asidi ya mafundi wa vigae.

---

Menengai_Juu

Vyote viwili viacheni. Asidi hula marumaru na saruji, na herufi ndizo zinazokwenda kwanza kwa kuwa kingo zake ni nyembamba. Jik ni vivyo hivyo, chumvi yake hubaki ndani ya jiwe na kulibambua polepole. Chaki ina chembe zinazokwaruza, na unga huleta wadudu na kuvu.

Maji safi na brashi laini, ya kufulia nguo za mtoto hivi, inatosha. Lowesheni jiwe kwanza, sugueni kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, mmalizie kwa kusuuza. Brashi ya waya isiguse hata saruji. Jiwe likilia kama tupu ukiligonga kwa kidole, au likitoa unga, msilioshe. Pigeni picha tu.

Kusoma ni suala la mwanga. Kioo cha ukutani cha sentimita 30 kwa 40 kikirudisha jua kwa ubavu, karibu sambamba na uso wa jiwe, huinua herufi ambazo ukizitazama uso kwa uso huzioni. Pasipo jua, kivuli cha mwavuli na tochi kutoka pembeni. Kila kaburi picha tatu: maandishi kwa karibu, kaburi zima, na moja ya mbali inayoonyesha majirani wa kushoto na kulia. Hiyo ya tatu watu huiruka, na ndiyo inayookoa kazi jiwe likianguka au likiibwa.

---

Kibos_Barabarani

Mimi nataka kusema kuhusu hao jamaa wenye saruji mkononi, kwa sababu hapo ndipo mtu wa kujitolea anaweza kuumiza familia mbili kwa mara moja.

Msimwonyeshe mtu tuta mkasema "ni hili" kama mnachojua ni safu tu. Atajenga. Siku nyingine watakuja wenye kaburi lile, wakute jina geni juu ya mama yao, na hapo ni chifu, ni polisi, ni kufukua. Jambo hilo halirekebishiki kwa kuomba radhi. Kanuni iwe ushahidi wa aina mbili usiotegemeana: kitabu na jiwe, au kitabu na picha ya zamani ya mazishi inayoonyesha kaburi la jirani, au kitabu na mzee aliyehudhuria, aulizwe akiwa peke yake kabla ya kusikia ninyi mnafikiri nini. Wawili wa familia moja waliozungumza njiani ni shahidi mmoja.

Pasipo ushahidi wa pili, mwambieni ukweli: "Amelazwa ndani ya safu hii, kati ya kigingi hiki na jiwe lile." Watu hupokea vizuri kuliko mnavyodhani. Wataweka maua, wataomba, wataondoka na amani. Kama wanataka jina liandikwe, ombeni msimamizi wa makaburi awaruhusu kuweka kibao mwisho wa safu, pasipo juu ya mwili wa mtu.

Kabla hata ya kuingia ndani, mwulizeni mgeni haya: majina yote, pamoja na la utani na la ubatizo, mwaka na kama anakumbuka msimu, dini na dhehebu, mtaa aliokuwa akiishi, alifia hospitali au nyumbani, nani alishughulikia kibali. Cheti cha kifo hakina nambari ya kaburi, ila kina tarehe, na tarehe ndiyo mnayoihitaji. Kibali chenyewe huachwa makaburini siku ya kuzika, kwa hiyo familia ikisema hainacho si kwamba imekipoteza. Ulizeni ofisini kama mafungu ya vibali vya mwaka huo bado yapo. Na kumbukeni usajili wa vifo ulikuja kuwa wa lazima nchi nzima mwaka 1971 tu. Mwafrika aliyefariki kabla ya hapo huenda hana cheti kabisa, lakini kitabu cha makaburi kinaye.

Dini huokoa muda mwingi. Sehemu ya Waislamu huku kwetu mtaitambua hata bila maandishi: kibla kiko kaskazini, kikielemea mashariki kidogo, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea huko, hivyo kaburi limelala mashariki hadi magharibi. Mara nyingi halina jengo, ni jiwe dogo tu kichwani. Wahindu huchoma maiti, kwa hiyo msitafute kaburi la mtu mzima. Watoto wachanga ndio huzikwa.

Msipokee pesa. Hata ya chai. Makaburini wako watu wanaodai kumjua kila aliyezikwa na kuonyesha tuta lolote kwa malipo, na ninyi mkipokea mtawekwa kapu moja nao. Mpeni mgeni karatasi: lango, sehemu, safu, nafasi, majina ya majirani wawili, picha, na neno moja kati ya "imethibitishwa", "imekadiriwa" au "safu tu".

Kuhusu mtandao: orodha ya jina, tarehe, sehemu na safu, iwekeni. Picha za kurasa, hapana. Kurasa hizo zina chanzo cha kifo, na jina na anwani ya ndugu aliyesaini, ambaye huenda yu hai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda huyo aliye hai. Tena ombeni kibali cha maandishi cha kaunti kwa ajili ya kuchapisha. Cha kupiga picha hakitoshi. Makaburi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo mlango ni huo huo mliobisha mwanzo.

---

Shinyalu_Kaskazini

Naongezea upande wa magharibi, kwa sababu wageni wenu wengine watakuwa wanatafuta mtu ambaye hayuko Nakuru hata kidogo.

Mluo au Mluhya aliyefia mjini, uwezekano mkubwa alipelekwa nyumbani. Cheti kitasema Nakuru au Nairobi, lakini hicho ni mahali pa kifo. Kila mtu anaikumbuka kesi ya S. M. Otieno, wakili ambaye mjane wake na ukoo wake waligombania mahali pa kumzika: alifia Nairobi Desemba 1986, akaja kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kwa hiyo ulizeni boma kwanza. Waliobaki kwenye makaburi ya miji ya huku ni Waislamu, Wahindi, Wazungu, Wanubi, wageni wa mbali na wasiodaiwa na jamaa.

Kitabu cha manispaa kikikosa, nendeni kanisani. Waanglikana na Wakatoliki wana kitabu cha mazishi kilicho tofauti na cha ubatizo, na padri huandika mahali alipozikia. Misheni za zamani zina makaburi yao wenyewe. Waquaker walifika Kaimosi 1902, na shule ya Maseno ilianza 1906. Baada ya hapo kuna Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, ambayo ina ofisi Nakuru, Kisumu na Kakamega. Ombeni mafaili ya manispaa na ya mkuu wa wilaya. Gazeti rasmi la serikali nalo lina matangazo ya mirathi yenye jina, makazi na tarehe ya kifo, na matoleo mengi ya zamani yanasomwa bure mtandaoni. Kwa kupata tarehe tu, hilo ni dhahabu.

Wanaotafuta waliokufa wakati wa ujenzi wa reli wajue kwamba Kisumu na Naivasha zilikuwa ndani ya Uganda hadi 1902. Faili la aliyefia huku 1901 linaweza kuwa limeandikwa chini ya Uganda.

Askari ni rahisi zaidi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya kutafutia kwa jina, bure. Inawahusu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kaunti yenu ina makaburi ya vita ya Gilgil, na mengine ya kijeshi yamo ndani ya makaburi ya Nakuru Kaskazini. Hayo yana nambari sahihi na yanatunzwa, kwa hiyo mnaweza kuyatumia kama nanga. Lakini mjukuu wa mbeba mizigo wa Vita vya Kwanza msimpe matumaini ya jiwe. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Mpelekeni Hifadhi ya Nyaraka akatafute kwa jina la wilaya na la chifu wa wakati huo.

Na kwa walio Kisumu wanaosoma hapa: udongo mweusi wa tambarare ya Kano huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, hivyo vigingi vya sentimita 45 vitainuka na kuinama. Chimbeni hadi 80, mweke kokoto chini, na mpime upya kutoka mstari wa msingi kila baada ya mvua ndefu.